Neno la Bi Lazima

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Februari 1963, binti wa pili wa fundi mwashi na mshona nguo. Katika chuo cha ufundi alikuwa msichana pekee darasani. Wenzake walimfichia rula siku ya mtihani wa kuchora ramani. Alichorea ukingo wa daftari, akawa wa kwanza. Majina yao aliyataja mpaka mwaka huu, kwa mpangilio wa alfabeti.

Tarehe 3 Machi 1986 aliajiriwa ofisi ya vibali vya ujenzi. Huko alikutana na fundi bomba aliyemwambia, "Ikiwezekana, tuoane." Dada akamjibu, "Ikiwezekana ndiyo nini? Sema lazima, au chukua spana zako uende." Walioana tarehe 15 Desemba 1990, na jina la Bi Lazima likamganda.

Mwaka 2012 aliandika kifungu kipya cha kanuni za ujenzi: kila jengo jipya, kuanzia saruji yake hadi mitambo ya kupoza vyumba, lisivuke kiwango kilichowekwa cha kutoa hewa inayoipasha dunia joto. Aliandika, "Mjenzi lazima atimize." Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akaikata "lazima" kwa wino mwekundu, akaandika "ikiwezekana", akamcheka mbele ya watu: "Mama, nyumba haina pua, itatoaje hewa? Kapike!" Miaka kumi na miwili, haikuwezekana hata jengo moja. Loo, iliuma! Kila mwaka alikirudisha kifungu kamatini na "lazima" yake, na kila mwaka ilikatwa. Safari hii madiwani wamekubali kukipigia kura wenyewe, Alhamisi hii.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2022. Daktari alimsihi apumzike. "Wakishapiga kura," akasema, huku akisahihisha nakala kitandani. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa amemshika mkono mdogo wake anayesoma haya. "Usinililie," alisema. "Chapisha ule ukurasa."

Umechapishwa. Geuzeni vijitabu vyenu vya mazishi: wino mwekundu ule, na sahihi ya Mwenyekiti chini yake. Madiwani mliopo, chukueni na vya majirani. Mwenyekiti mwenyewe yupo safu ya pili, karibu sana. Shada lake tumeliweka nje.

Ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake na wajukuu watano.

Yeye apumzike kwa amani. Wewe, Mwenyekiti, tukutane Alhamisi.