Tovuti ya Fundi Makochi Haionekani

Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa nyumba yangu, ndiyo maana upuuzi wote unaosemwa pale huingia kwanza dirishani kwangu. Kahawa nachemsha mimi. Wanywaji ni watatu: Injinia, muuza kava za simu ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku, Mstaafu, aliyegonga mihuri ofisini hadi kifundo cha mkono kikapinda, na Fundi Makochi, mjukuu wangu, mtu mzima na watoto wake. Tangu barabara ipanuliwe, karakana yake imesukumwa nyuma ya stoo za saruji, hakuna mteja anayeiona. Injinia akamtengenezea tovuti. Asubuhi hiyo matroni wa nyumba ya wageni alikuwa amempigia Fundi simu: ana viti vya ukumbi mzima vya kuvalishwa upya, atatazama kazi za mafundi mtandaoni, achague mmoja kabla ya adhuhuri. Shida ni kwamba tovuti ukiitafuta haitokei.

— Si ulisema ni bure na nitaonekana? Fundi akauliza.

— Bure ndiyo. Yule mtengeneza tovuti wa mjini alitaka umlipe akuandikishe. Mimi nimekuandikisha kote wanakotafutia watu, hujatoa hata senti.

— Wamepokea, wameweka kabatini, akasema Mstaafu. Ombi lisilo na barua ya kukumbushia linalaliwa na mafaili.

— Mzee, kule hakuna mafaili, ni mashine.

— Na mashine inasimamiwa na nani? Na mtu. Na mtu huenda kula.

— Mashine inataka kuzoeshwa tu. Tuifungue tovuti, tuifunge, tuifungue tena. Ikiona watu wanaingia, itajua hapa pana jambo.

Wakainamia simu zao, wakifungua na kufunga.

— Wageni wanaongezeka! Injinia akapiga kelele.

— Wageni gani? nikamuuliza kutoka dirishani. Si nyinyi mnaoingia na kutoka kama kuku jikoni?

— Bibi, haya mambo ya kitaalamu.

— Nauona utaalamu. Umekuvimbisha kidole.

Fundi hakucheka.

— Kazi hii ikinipita, narudisha funguo za karakana. Mke wangu keshaniambia.

— Labda wamekuona, wakakuficha, akasema Mstaafu. Yule fundi wa karibu na benki ana shemeji yake huko.

— Huko wapi?

— Huko huko mtandaoni.

— Hafichiki huyu! Injinia akasimama kabisa. Juu nimeandika kwa fahari, Ufalme wa Starehe, Karibuni Mjionee, na picha. Chini nimeweka maneno yanayotafutwa na dunia nzima, meupe juu ya weupe. Mtu hayaoni, mashine inayasoma. Matokeo ya mpira, nafasi za kazi, mitindo ya harusi, dawa ya kunenepa.

— Dawa ya kunenepa?

— Mtu katafuta kunenepa, kakuta kochi. Si atakaa?

Mstaafu kahawa ikamtokea puani.

Hapo pikapu ikasimama, imebeba viti vilivyochanika vitambaa. Dereva akatoa kichwa.

— Samahanini. Naulizia fundi makochi, yule wa karibu na benki.

Fundi alikuwa keshavitambua viti kabla hajaambiwa.

— Si vya nyumba ya wageni hivi? Mimi ndiye fundi! Nimeongea na matroni leo asubuhi. Nina tovuti!

— Kaka, matroni kaandika “fundi makochi” na jina la mji, mbele ya macho yangu. Katokea huyo wa benki peke yake. Kwani kwenye tovuti yako neno kochi liko wapi?

Injinia akaanza kuteremsha kidole. Akapita mpira, akapita ajira, akapita harusi. Akafika mwisho, akarudi juu. Mstaafu akavaa miwani, akatazama naye. Kochi halikuwamo.

— Mpigie basi matroni, Fundi akasema.

— Keshapatana naye. Mimi nabeba tu. Benki iko upande gani?

Wawili wale wakatazama viatu vyao. Mjukuu wangu ndiye aliyenyoosha mkono: nenda moja kwa moja, ukikuta kituo cha mafuta kunja kulia. Kisha akapanda gurudumu la nyuma, akakaza kamba ya kiti kimoja kilicholegea, kisije kikaanguka njiani.

Mimi nikatoka nje, nikakichukua kikombe cha Injinia kikiwa bado kimejaa.