Kaari Alipoanguka Ukutani

Jimu yetu ya kupanda kuta iko Makutano, Meru mjini, ndani ya godauni lililokuwa stoo ya kahawa zamani. Nje ya geti kuna benchi la Peninah, mama anayeuza kahawa nyeusi na mandazi, na hapo ndipo sisi wanachama hukaa tukimaliza kupanda, mikono ikiwa bado nyeupe kwa chaki, tukibishana mpaka sufuria ikauke. Jumapili hiyo hakuna aliyekuwa amepanda. Geti lilikuwa na kufuli, meneja, ambaye ndiye mwenye jimu, hashiki simu, na jana yake mwenzetu Kaari alikuwa ameanguka. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na Kirimi, mfanyabiashara wa miraa ya kutoka Kangeta, tunayemwita Gundi kwa sababu akishika ukuta habanduki. Kulikuwa na Ciku, karani wa ofisi za kaunti, jina lake Wakili kwa vile hajawahi kushindwa na ubishi. Kulikuwa na Kailemia, fundi wa kuchomelea mageti, yaani Injinia. Na mimi, ambaye huitwa Embu tu, kwa vile nimetoka huko. Tulikuwa na hasira ambayo kahawa haikuweza kuishusha.

— Kufuli mpya hiyo, akaanza Gundi. Muione vizuri. Magodoro yamechanika tangu Krismasi hajanunua mengine. Kufuli amenunua usiku mmoja.

— Kununua nini? akasema Wakili. Ilikuwa imewekwa tayari. Huyu mtu alijua siku itafika.

— Mimi nilimwambia, akasema Injinia. Nilimwambia yale mawe ya kushikia ukutani yanalegea. Nikamwambia nipe spana nizunguke nikaze zote, hata sitaki kitu. Akaniambia ati watu wa bima hawawezi kubali fundi wa nje.

— Fundi wa nje na wewe ni mwanachama!

— Fundi wa nje, bana. Hivyo ndivyo alisema.

Peninah alitumiminia kahawa bila kuulizwa. Yeye hajawahi kupanda ukuta hata siku moja, husema miguu yake ni ya shamba, lakini yeye anamjua kila mmoja wetu kwa jina na kwa vile anavyopenda kahawa yake.

Nieleze vile ilikuwa. Kaari ni mwalimu wa chekechea hapa mjini, mtoto wa Gachoka kule Mbeere. Ni mfupi, na ukuta umetengenezwa na watu warefu, kwa hivyo pale Gundi ananyoosha mkono tu, Kaari lazima aruke. Kuna njia moja ya mawe ya njano kwa ukuta ule mfupi, ule ambao haufungwi kamba, ukiachilia unaangukia godoro. Hiyo njia ilikuwa imemtema miezi mingi, kila mara mahali pale pale, karibu na juu. Akitemwa anacheka, anapaka chaki, anangoja zamu yake tena. Na akingoja hakai bure. Yeye ndiye alinifundisha mimi kuamini miguu. Yeye ndiye alimshika Wakili mkono siku ya kwanza, Wakili akiwa anatetemeka kama amemwagiwa maji ya mlima.

Jumamosi hiyo meneja alikuwa amekubali watu waje na sherehe ya watoto. Magodoro mengine yalivutwa mpaka kona ya watoto ili waruke ruke. Yaliyobaki yakatenganishwa yafunike sakafu, na katikati yake, kwa nafasi iliyobaki, wakatandika turubai. Ukiangalia kutoka juu huoni pengo. Kaari akapanda. Akafika pale pa kutemwa, akapita. Tukapiga kelele sote, hata wale watoto wakageuka. Akaweka mkono kwa jiwe la mwisho, na jiwe likazunguka kama mfereji wa maji unaofunguliwa. Akashuka na miguu yote ndani ya turubai. Nilisikia mguu. Sitaki kusema ulilia kama nini.

Kaari hakulia. Alituangalia, uso umekuwa kama majivu, akauliza:

— Lakini nimepita, sindio?

Meneja na askari wa geti wakambeba wakamweka kwa pikapu. Sisi tulikuwa tumemzunguka dada wa kaunta, tukimfokea kwa sababu ya ile turubai, na ile pikapu ilipotoka hatukuiona.

— Mimi nitawaambia siri ya hii jimu, akasema Wakili, akiweka kikombe chini kwa nguvu. Mnajua kwa nini muziki ni mkubwa vile? Ndiyo msisikie bolti zikilia.

— Aaa, hapo umezidisha.

— Nimezidisha nini, Gundi? Uliza Injinia. Bolti ikilegea hulia ama hailii?

— Hulia, akasema Injinia. Na hiyo chaki si chaki. Ni ile chokaa ya kupaka nyumba. Mimi nimekuwa kwa ujenzi, chokaa naijua. Inakula ngozi. Angalia vidole vyangu.

— Vidole vyako vimechomwa na welding.

— Vingine! Hii hapa ni chokaa.

Gundi akainama mbele, sauti chini, kama anayetoa habari ya serikali.

— Nyinyi hamjui kitu. Magodoro mazuri, yale ya bluu tuliyoanza nayo, yalienda wapi? Mimi nimelala lojing moja huko Kangeta wiki jana. Nikaketi kwa kitanda. Nikasema, haki hii kitu naijua. Nimeiangukia.

Ningecheka siku nyingine. Siku hiyo sikucheka, na wengine hawakucheka.

— Anataka tutoke, akasema Wakili. Ndiyo hiyo. Watoto wa sherehe hawaulizi maswali. Wanaruka, wanakula keki, wanaenda. Sisi tunauliza. Kwa hivyo analegeza mawe mwenyewe, pole pole, usiku, moja moja, mpaka tutoke wote, kisha anauzia kanisa.

— Kanisa gani?

— Lolote. Kila godauni mjini inaisha ikiwa kanisa.

— Basi mimi natoka, akasema Injinia. Leo hii. Simwachii huyu mtu mguu wangu.

Hapo ndipo Gundi alimgeukia kwa hasira ambayo sikuwa nimeitarajia.

— Utoke uende wapi?

— Nyumbani. Nikae.

— Ukae! Mimi naamka kabla ya jogoo, Kailemia. Siku nzima ni simu, ni kelele, ni watu kuniita mwizi kwa sababu bei imeshuka. Nikiwa pale juu, mikono miwili imeshika, hakuna mtu anaweza kunipigia. Hata bibi yangu hawezi. Hiyo ndiyo saa yangu mimi. Na sasa huyu mjinga amefunga, na wewe unasema utakaa?

— Usinipigie kelele.

— Nitakupigia!

— Mwache, akasema Wakili, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Hata mimi sina kwingine. Kazini mimi ni yule msichana wa kuletea wakubwa faili. Huku wanaume wazima wanasimama chini yangu wakinipigia makofi ati Ciku juu, Ciku juu. Kile kinaniudhi si turubai. Kinaniudhi ni kwamba ni pazuri. Pangekuwa pabaya ningesema tu kwaheri.

Mimi nikasema tuandike malalamiko tupeleke kwa kaunti. Wakili akasema kaunti anaijua, yeye ndiye angekuwa wa kuyapokea. Injinia akasema twende na spana tuvunje kufuli. Gundi akasema tukivunja, sisi ndio tutashikwa. Tukaanza tena: meneja, muziki, viatu vya kuazima vinavyonuka kama ng'ombe amelowa, choo kisicho na maji. Sauti zilipanda mpaka watu waliotoka kanisani wakawa wanapita ng'ambo ya barabara.

Bodaboda ikasimama mbele ya benchi. Mama mmoja akashuka, amevaa nguo ya kanisani na sweta, mkononi kiondo ambacho chupa ya chai ilikuwa imechomoza. Akatuangalia mikono yenye sugu kwanza, kisha nyuso.

— Nyinyi ndio watu wa ukuta?

— Ndio sisi, mama, akasema Gundi, akisimama ampe nafasi. Karibu ukae.

— Asante, lakini siwezi kukaa. Mimi ni mama Kaari. Nimetoka Gachoka asubuhi. Mwenye nyumba yake amenipigia akasema wamesikia ameanguka huku. Nami nikipiga simu ya mtoto, inalia tu, inalia tu.

Gundi akaangalia geti. Simu ya Kaari ilikuwa ndani, kwa kabati za kuweka nguo, sote tulijua hivyo.

— Pole sana, mama, akasema Wakili. Tena sana. Hatutanyamaza. Huyu mwenye jimu lazima—

— Ndio, ndio, akasema yule mama kwa upole, kama anayemtuliza mtoto. Hayo mtaongea. Wewe ni Wakili, sindio? Nimekujua na mdomo. Na wewe mrefu ni Gundi. Yeye hunieleza habari zenu zote. Nilipokuwa njiani nikasema, sijui mtu mwingine Meru, lakini nikiwapata hawa nimempata yeye.

Akabadilisha kiondo mkono.

— Nimemletea uji, anywe kabla haujapoa. Amelazwa hospitali gani?

Gundi alimwangalia Wakili. Wakili akamwangalia Injinia.

— Si wewe ulifuata pikapu? Injinia akaniuliza, polepole.

— Mimi nilidhani ni Gundi.

— Mimi nilijua Ciku ameenda, akasema Gundi. Mambo ya wanawake wenyewe kwa wenyewe. Nilijua ameenda.

Mama Kaari alikuwa bado amesimama anangoja, uso wake umetulia kabisa, akituangalia mmoja baada ya mwingine, akiamini kwamba anayejua atasema sasa hivi.

Peninah ndiye alitoka nyuma ya jiko. Alipangusa mikono kwa aproni, akakipokea kile kiondo.

— Twende, mama, akasema. Tutauliza hospitali moja baada ya nyingine. Haziko nyingi.

Aliacha moto ukiwaka na sufuria juu yake. Wakaanza kupanda barabara wawili, bega kwa bega, wakiongea kwa sauti ya chini. Sisi tukainuka kutoka kwa benchi tukawafuata kwa nyuma.