Nyumba ya Kamba ya Bramwel Wangila

Marehemu Bramwel Wangila, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 karibu na Chwele, Bungoma, mtoto wa mwisho wa Mzee Nyongesa na Mama Nekesa.

Baba yao alipofariki mwaka wa 1960, kaka yake, Mzee Mukhisa, aliacha shule akiwa darasa la tano, akaanza kufyatua matofali ili mdogo wake asome. Matofali hayo ndiyo yaliyomfikisha marehemu kidato cha nne mwaka wa 1970. Siku ya matokeo kaka alimwahidi: "Ukiwa na boma yako, matofali ya nyumba nitafyatua mimi mwenyewe." Ahadi hiyo ndiyo iliyoleta maneno yote baadaye.

Mwaka wa 1972 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la mahindi huko Kwanza, akakaa hapo miaka thelathini na minne. Mkulima aliyeleta mahindi mabichi alirudishwa nayo nyumbani, hata awe shemeji yake, na wapo mashemeji hapa wanaoweza kushuhudia.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Mwalimu Lenah Nasimiyu. Walijaliwa Derrick, Emmy na Ivy, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Familia iliishi katika nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo ahadi ya matofali ikakaa tu.

Aprili 2003 marehemu alinunua boma hili tulipo, pembeni mwa mji wa Kitale, kutoka kwa Mzee Ndung'u aliyekuwa akihamia kwa mwanawe. Wenzake walikuwa wakinunua nyumba mpya kwenye ploti finyu. Yeye alichukua nyumba kuukuu ya vyumba viwili, bati lenye kutu na sakafu ya mbao iliyolia kila ukikanyaga, juu ya ekari moja na nusu. Mama Lenah alizitazama kuta akauliza, "Baba Derrick, umenunua nyumba ama umenunua nyufa?" Marehemu alimwonyesha uwanja wote hadi kwenye ua. "Nimenunua nafasi," akasema. Hatujawahi kumwona na furaha kama ya siku ile.

Mzee Mukhisa alifika wiki hiyo hiyo, akaizunguka nyumba mara mbili, akakataa kuingia. "Hii ni nyumba ya Ndung'u," alisema. "Si nilikuambia nitakufyatulia? Sasa mimi nitakunywa aje chai kwa nyumba ya mtu na mwenyewe hayuko?" Chai yake ikaletwa nje. Marehemu aliumia. Alimpenda kaka yake kama baba, na alitamani kumwona ameketi chini ya paa lake.

Basi akachonga vigingi, akanunua kamba ya nailoni ya samawati, akapima uwanjani nyumba kubwa ya vyumba vitano. Msingi ungechimbwa mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata Derrick akaitwa chuoni, na kila mwaka palikuwa na jambo lake. Mzee Mukhisa alipokuja, waliwekewa viti ndani ya kamba, pale patakapokuwa sebule, na ole wako uiruke kamba. "Ingia kwa mlango, bana!" marehemu alifoka. "Unapita kwa ukuta aje?" Mwanzoni mwa 2008, familia tatu zilizokimbia vurugu za baada ya uchaguzi huko Saboti zilipiga mahema humo. Marehemu aliwagawia vyumba, na Mama Nyaruai, aliyepewa chumba cha wageni, yuko nasi leo.

Ugonjwa wa sukari uliokuwa ukimsumbua kwa muda mrefu ulizidi mapema 2009, na kufikia Mei hakuweza kuinuka kitandani. Tarehe 9 Juni Mzee Mukhisa alikuja kama kawaida, akapitia mlango wa kamba, akaketi, akangoja. Mama Lenah alitoka na kikombe. "Shemeji, leo hawezi kutoka."

Mzee alikaa hadi chai ikapoa. Kisha akainuka, akang'oa vigingi kimoja kimoja, akavipiga upya kuizunguka nyumba ya Ndung'u, akaikaza kamba, akaacha nafasi mbele ya mlango. Kutoka kitandani marehemu alisikia nyundo.

"Nani anajenga huko nje?" aliuliza.

"Ni wewe unajenga," kaka yake akamjibu, na alikuwa amekwisha kuingia chumbani. Marehemu alimshika mkono, wakalia wote wawili.

Mzee Mukhisa hakurudi Chwele. Alikaa na mdogo wake kando ya kitanda kwa zaidi ya miezi miwili, hadi Jumamosi tarehe 22 Agosti 2009 alfajiri, marehemu alipotutoka akiwa na umri wa miaka 58.

Ameacha mjane, Mama Lenah; watoto Derrick, Emmy na Ivy; wajukuu wanne; na kaka yake, Mzee Mukhisa. Wengi walidhani Mzee angetaka mdogo wake azikwe Chwele. Yeye ndiye aliyechagua mahali hapa, pale palipokuwa sebule ya kamba. Matofali yaliyojengea kaburi ni ya mkono wake. Aliyafyatua mwaka wa 2004, akayachoma, akayafunika kwa nyasi, akingoja kuitwa.

Baba, kaka yako ameyaleta. Pumzika kwa amani, nyumbani kwako.