Mwalimu Tena Anatoka Chumba Namba Saba

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, mwenzetu wa chumba namba saba anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupiga piano na kuifundisha katika chuo chetu cha muziki. Mlangoni pake limeandikwa jina lake kamili, lakini hakuna mwanafunzi anayelitumia. Wao humwita Mwalimu Tena. Umekosea? Tena. Umepatia? Tena, ili tujue hukubahatisha.

Alikuja kwetu akiwa tayari anajulikana jukwaani. Alikuwa amepiga piano katika kumbi za nchi tisa. Ukumbi mmoja ulikuwa na watu elfu mbili, mwingine watu kumi na mmoja na paa linalovuja. Huko kwenye paa bovu alisimama katikati ya wimbo, akaomba piano isukumwe hatua tano, akaketi na kuendelea pale pale alipoishia.

Ualimu hakuuanza vizuri, na wa kwanza kulisema hilo ni yeye mwenyewe. Katika mwaka wake wa pili hapa, binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa pia mwanafunzi wake, aliifunika piano ya nyumbani akamwambia, "Mama, mwalimu ninaye chuoni. Nyumbani nataka mama." Mtoto hakuigusa piano tena. Mama mtu alilia sana. Kisha alikuja kwenye kikao cha walimu, akatueleza yote bila kujitetea, akatuomba tumwambie kila tutakapomsikia akifoka. Nasi hatukumwonea haya, tulimwambia. Haukupita mwaka, chumba namba saba kikawa ndicho chenye vicheko vingi kuliko vyote. Binti huyo leo ni fundi wa lifti, na lifti ya jengo letu ikienda, jua mkono wake umepita.

Kazi yake itakayodumu zaidi ni mpango wa kubadilishana wanafunzi na chuo cha ng'ambo. Miaka kumi na minne iliyopita ujumbe wao ulikuja kwa wiki moja kuona kama tunafaa. Makubaliano yangetiwa saini baada ya onyesho la Jumamosi, au yasingetiwa kabisa. Katika onyesho hilo Mwalimu Tena alipangwa kupiga pamoja na mpiga piano wao, bwana mrefu, mpole, asiyejua neno la Kiswahili. Mikono minne, piano moja, na pedali ya kurefusha sauti ni moja tu. Huikanyaga anayekaa kushoto, na aliyekaa kushoto alikuwa mgeni.

Mgeni aliikanyaga kama breki ya lori. Sauti zikarundikana, wimbo ukazama. Mwalimu akamwomba mkutubi wetu, aliyekuwa mkalimani, amweleze bwana yule kwamba anauharibu wimbo. Mkutubi ni mtu wa amani. Akatafsiri kwamba mama amefurahi mno. Mgeni akainama kwa shukrani, akazidi kukanyaga. Siku mbili nzima mambo yakawa hayo: huyu analalamika, yule anapongezwa.

Siku ya tatu mkutubi alizidiwa, akakiri. Tulidhani atakiona cha moto. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi, akamtuma akanywe chai, akavua kiatu cha kushoto na kuweka wayo wake juu ya kiatu cha mgeni. Akibonyeza, mgeni anabonyeza. Akilegeza, mgeni anainua. Mkalimani hakuhitajika tena.

Jumamosi walipiga hivyo hivyo mbele ya ukumbi uliojaa, mguu juu ya mguu. Mkuu wa ujumbe, aliyeketi safu ya mbele, aliikazia macho ile miguu muda wote. Sisi nyuma ya pazia tulijua tumekwisha. Makofi yalipotulia alipanda jukwaani na kumuuliza mwenzake alionaje. Mgeni alimjibu kwa maneno mawili ya Kiswahili aliyojifunza wiki ile: "Nimesikia wimbo." Mkutubi akamtafsiria mkuu neno kwa neno, na saini zikatiwa pale pale, juu ya kifuniko cha piano. Tangu hapo wanafunzi wetu ishirini na sita wamesoma kwao, na kumi na tisa wa kwao wamesoma kwetu.

Mwalimu, tunakushukuru kwa sikio lako kali na moyo wako mweupe. Nenda kapumzike kwa raha, na afya njema iandamane nawe siku zako zote.

Ila huko kupumzika tuna shaka nako. Juzi ofisi ya usajili ilipokea fomu ya mwanafunzi mpya wa fidla, darasa la wanaoanza, na mwandiko tunaufahamu. Anayefundisha darasa hilo ni mimi ninayeandika haya. Jumatatu, saa tisa alasiri, chumba namba nne. Karibu sana, na usichelewe.