Béatrice Mukarugwiza, Mawaridi Yake ya Kamembe na Jirani Aliyesingiziwa

Padri wetu, wazee wa ukoo, ba maman na ba papa wa mtaa, nanyi ndugu mliovuka daraja asubuhi hii kutoka Bukavu, ninasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Nyiransabimana, binti wa kwanza wa marehemu, kuwasomea maisha ya mama yetu tangu alipozaliwa mpaka juzi alipotutoka, na ninaomba mnivumilie nisome hadi mwisho, kwa sababu sehemu ambayo wengine wangependa niiruke iko karibu na mwisho.

Mama yetu, Béatrice Mukarugwiza, alizaliwa Nkungu tarehe 3 Septemba 1972, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya wakulima wa kahawa na maharagwe, akabatizwa Krismasi ya mwaka uleule. Alianza shule ya msingi palepale Nkungu mwaka 1979, akaimaliza mwaka 1987, kisha akaletwa hapa Kamembe kusomea ushonaji kwa masista kwa miaka mitatu, na huko ndiko alikoona waridi kwa mara ya kwanza, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na wanafunzi wamekatazwa kuligusa. Kisa hicho alikuwa akikisimulia kwa kicheko, lakini mimi niliyekisikia mara nyingi nawaambia kwamba kicheko chenyewe kilikuwa kidogo.

Miaka ya vita iliyofuata kila muntu aliye hapa anaijua, sina la kuongeza, aliipitia, akaenda ng'ambo, akarudi, na aliyemfungulia mlango wa nyumbani alikuwa kaka yake mmoja tu, mjomba wetu Ndagijimana, ambaye sasa anaishi Gikundamvura na amekaa hapa mbele.

Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa na baba yetu Munyaneza, fundi wa magari hapa mjini, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1998 na Habineza mwaka 2001, baba akafariki kwa ajali katika barabara ya msituni tarehe 9 Novemba 2004, akamwachia mama cherehani, nyumba ya vyumba viwili, na uwanja ambao ukitandika mkeka mmoja hupati tena pa kupita.

Mwaka 2006 nyumba ya pili, tunayochangia nayo ukuta, ilipata mpangaji, Nsimire, ambaye sisi sote tunamwita Maman Cubaka, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, na Jumapili moja alirudi kutoka kwao na kijiti kilichofungwa ndani ya gazeti lililoloweshwa, amekikata kwenye waridi la mama yake. Walikipanda pamoja katika dumu la njano lililokatwa nusu na kutobolewa chini kwa msumari wa moto, wakakifunika na mfuko ili kisikauke, na kikashika. Ua lake la kwanza lilikuwa jekundu la kukolea, kama divai ya misa ikiwa bado ndani ya chupa, na mama alisema huyu hana masista wa kumlinda, aguswe na kila anayetaka.

Kutoka kijiti hicho yalitoka mawaridi yote mnayoyajua, kwenye madumu, kwenye ndoo za rangi, kwenye beseni zilizopasuka, juu ya ukuta, kwenye ngazi, mpaka juu ya bati la jiko, chini akitandaza pumba za mpunga wa Bugarama ili maji yasituame, juu udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe, na kila maua yakiisha anapunguza matawi, na jani lenye madoa meusi analichoma siku hiyohiyo. Hakuna bibi harusi wa mtaa huu aliyeingia kanisani bila ua la mama, wengine mko hapa, mnajijua. Asubuhi tuliamshwa na kelele za mama na jirani yake juu ya ukuta, mama akiita, "Maman Cubaka, kuja uone mutoto wako, amekunywa maji yote na bado iko nalalamika," na upande wa pili ukijibu, "Umuchape, ni wa kwako, mie nilikupatia kijiti tu." Miaka kumi na miwili, kila Jumapili baada ya misa, walikunywa chai pamoja, mara upande huu, mara upande ule.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Karatasi niliyokabidhiwa jana na wazee inasema marehemu alifariki baada ya kuugua kwa ghafla, basi. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini hilo siwezi kulisoma, kwa sababu si kweli.

Jumapili tarehe 6 Mei mama alihamisha lile waridi la kwanza, dumu lake lilikuwa limepasuka, akalitia kwenye ndoo, mikono mitupu ndani ya mbolea, mwiba ukamvunjikia kwenye kidole gumba cha kulia, akakinyonya, akakifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Jumapili iliyofuata, aliporudi kutoka kunywa chai kwa Maman Cubaka, taya zilianza kukaza, na saa sita mchana kijiko hakikuweza kupita katikati ya meno. Swali lililoulizwa nyumbani lilikuwa moja tu, amekunywa kwa nani, na jibu lilipopatikana kesi ikawa imekwisha, ni karuho, amelishwa sumu, na aliyemlisha ni yule Mkongomani wa ukutani. Kidole hakuna aliyekiangalia. Mimi nilikuwa Huye, chuoni, nikasema kwa simu mpelekeni hospitali, nikajibiwa, "Wewe soma vitabu vyako, haya ni mambo ya huku." Akapelekwa kilimani kwa mama mmoja anayetapisha watu sumu, na mtu ambaye kinywa hakifunguki akamiminiwa dawa kwa nguvu, siku mbili, huku Maman Cubaka akija mlangoni kwetu kuomba apelekwe hospitali, anafukuzwa na ufagio, anarudi, anafukuzwa tena.

Jumatano asubuhi ni yeye aliyekwenda kwa mshauri wa afya wa mtaa, wakaita gari la wagonjwa, wakalipandisha mpaka kule kilimani, wakamshusha hospitali, nami nikafika huko kutoka Huye. Daktari aliukunjua mkono wa mama, akakitazama kidole, akatuambia ni pepopunda, ile tunayoita tetanosi, inayoingia kwa kidonda chenye udongo na mbolea, na kwamba angeletwa Jumapili tungekuwa na matumaini zaidi. Hayo alituambia sote, kwenye korido, na mjomba akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Mama alifariki Jumamosi tarehe 19 Mei 2018, saa kumi na moja alfajiri, mwili umekazika kama upinde, na ninawaambia hivyo kwa sababu aliyeyaona hayo hawezi kuyaita ya ghafla.

Jioni ileile Maman Cubaka alileta chai kwenye matanga, thermos nzima, na ikamwagwa nyuma ya jiko. Tangu hapo batoto wa mtaa wanavuka barabara wakimwona, na sokoni wateja wake wanashika kitambaa, wanakirudisha, wanaondoka.

Basi naomba mizani iwe moja. Kama aliyetoa ndiye aliyeua, kijiti kilitoka kwa Maman Cubaka, ndiyo, lakini ndoo ilitoka kwa mdogo wangu Habineza, na gunia la mbolea lilitoka katika zizi lako, mjomba, ulilituma kwa upendo, nami nitaendelea kukushukuru kwa gunia hilo maisha yangu yote, sikuiti muuaji, na hakuna atakayekuita hivyo nikiwa nimesimama. Maman Cubaka naye apimwe hivyohivyo. Na ile chai mliimwaga nyuma ya jiko, kwenye shina la waridi lilelile la kwanza, nimelitazama leo asubuhi, lina machipukizi mawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kwa siku tatu walizoachiwa, dereva wa gari la wagonjwa, mshauri wetu wa afya, parokia, mafundi cherehani wenzake wa sokoni, na wanafunzi wenzangu waliosafiri. Kwa majirani, familia inamshukuru kwanza Nsimire, Maman Cubaka, yule aliyekaa peke yake kwenye benchi la mlangoni. Nimesema familia, na hapa ninayeiwakilisha ni mimi.

Maman Cubaka, leo umeleta thermos nyingine, ile ya bluu, iko pale mezani haijaguswa. Nilikunywa kikombe kizima kabla sijasimama kusoma. Tukitoka makaburini, anayetaka kunipa pole ataanzia kwenye thermos hiyo.

Mama, waridi lako la kwanza tutalipanda kichwani pako, Maman Cubaka atashika kijiti na mimi nitashika udongo, nimevaa glavu. Ulale salama, upumzike kwa amani, na chai ya Jumapili usiwe na wasiwasi nayo, nitakuwa ninavuka mimi.