Nahodha Mwenye Kifua cha Inchi Arobaini na Mbili

Baina ya duka la fundi cherehani na kibanda cha kinyozi pana benchi la mbao, ambalo mguu wake mmoja umetegemezwa kwa tofali. Hapo huketi kila asubuhi watu watatu ambao hawajapata kukubaliana hata juu ya siku ya juma. Wa kwanza ni Fundi mwenyewe, ambaye kwa miaka miwili ameandika hadithi ya safari za anga katika daftari lile lile analotilia vipimo vya wateja. Wa pili ni kinyozi, tumwitaye Wembe, kwa ulimi wake zaidi kuliko kwa kazi yake. Wa tatu ni Mzee Masafa, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye zamani alikuwa akisafiri mwezi mzima, akirudi nyumbani kwa siku mbili. Mimi hukaa ukingoni, kando ya muuza kahawa, kikombe mkononi, nikiwasikiliza. Ijumaa hiyo, saa nne, Fundi alitoka dukani ameshika barua ya mhariri wa jarida ambalo ofisi yake iko mtaa wa nyuma, akatusomea kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

— “Sayari zako sasa tunazijua kuliko mitaa yetu. Nahodha wako hatumjui hata chembe. Mfanye awe mtu, uniletee sura ya kwanza kabla ya saa sita leo. Ukishindwa, nafasi nampa mwenye makala ya ufugaji wa sungura.”

— Sungura, akasema Wembe. Miaka miwili yote, kaka, unakuja kushindana na sungura.

— Na wale wanazaana, akasema Masafa. Ukizubaa watajaza jarida zima.

— Mimi sielewi, wazee wangu. Nahodha nimemweleza mpaka basi. Sikilizeni. Kifua inchi arobaini na mbili. Kiuno thelathini na sita. Mkono ishirini na tano, ila wa kushoto umezidi nusu inchi.

— Huyo si mtu, Fundi, akasema Wembe. Hiyo ni oda.

— Hiyo nusu inchi ndiyo tabia yake.

Kwa kumtendea haki Fundi, ulimwengu alioujenga ulikuwa umeshonwa ukashoneka. Sayari ilikuwa na majua mawili, wenyeji walikuwa na mikono minne, na kurasa kumi na moja zilieleza namna ya kukata shati la watu hao bila kupoteza kitambaa. Hata mapazia ya chumba cha kulala chomboni yalikuwa na urefu unaojulikana.

— Kosa lako nimeshaliona, akasema Wembe. Watu kumi na wawili, safari ya miaka tisa, na kinyozi hakuna. Kule kitu hakianguki, si ndiyo? Nywele zinaelea. Mwaka wa pili nahodha anaongea na msaidizi wake hawaonani. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, maana yake panda na vinyozi wawili.

— Na tabia? akauliza Fundi.

— Tabia ya mtu iko kisogoni. Mwoga, mashine ikikaribia sikio anafumba macho. Mwongo anaomba kioo kila dakika. Nipe huyo nahodha robo saa kwenye kiti changu, nitakwambia mpaka ndoto zake.

— Achana na nywele, akasema Masafa. Chombo kinakwenda miaka tisa bila utingo? Nani anatia jiwe nyuma ya gurudumu?

— Hakina magurudumu, mzee wangu.

— Basi mawe yanahitajika mengi zaidi. Halafu umesahau mizani ya malori. Kila penye njia pana mizani, na penye mizani pana askari mwenye kiu. Weka mizani kati ya sayari na sayari. Na usikimbize chombo. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana mwanga wa nyota unachelewa miaka.

Fundi aliandika yote, kwa uaminifu wa mtu anayezama. Saa tano ikapita.

— Tena nikwambie, akaendelea Masafa. Hayo majua yako mawili si majua. Ni taa. Lori kubwa linakuja mbele yao na dereva hajapunguza mwanga.

— Kwa nini hapunguzi? akauliza Wembe.

— Kasinzia. Hao watu wa mikono minne wanaishi kwenye vumbi la kioo chake.

— Akiwasha wipa?

— Ndiyo kiyama chao.

Hapo alifika mama mmoja, mgeni wa mtaa, aliyekuja kuchukua gauni lake.

— Mama, nisamehe sana. Limebaki upindo tu, akasema Fundi, akampisha akae.

Mama alisikiliza mambo ya lori la mbinguni kwa adabu, kisha akauliza:

— Samahanini. Huyo nahodha aliondoka kwao kwa nini?

— Si vita? akauliza Wembe.

— Vita viko sura ya saba, akasema Fundi. Yeye anaondoka ya kwanza.

— Basi katumwa.

— Na nani? akauliza mama.

Wembe akatazama juu, kana kwamba aliyemtuma nahodha alikuwa darini.

— Kwao ana mtu? akauliza mama.

— Ana mke. Kifua thelathini na nane.

— Alimwambia nini huyo mke?

Fundi alifunua daftari, akarudi nyuma, akaenda mbele. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

— Alimwambia ni kazi, akasema Masafa, akitazama viatu vyake.

— Na ilikuwa kazi? akauliza Wembe, na safari hii hakuwa na mzaha.

— Mara nyingine. Mara nyingine mzigo unashuka mapema, njia nyeupe, naegesha pembeni nalala siku mbili kwenye kichwa cha lori. Nyumbani watoto wananiamkia kama mgeni. Nilikuwa sijui nikae kiti kipi.

Fundi alishika kalamu.

— Mzee Masafa, niandike?

— Andika. Lori usiliweke.

Akainama juu ya daftari. Mama aliinuka bila kusema, akaingia dukani, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona upindo wa gauni lake mwenyewe. Saa sita kasoro dakika kumi Fundi akatoka mbio kuelekea mtaa wa nyuma, daftari kwapani, futi ya kupimia ikimpepea shingoni.

Masafa naye akasimama, akajikung'uta suruali.

— Wapi tena, mzee? akauliza Wembe. Hata mchana haujafika.

— Nyumbani.

— Kufanya nini?

— Kukaa.