Kengele Ikilia

Ndani ya kosta ya kushuka Same, Dorkas, mwenye nyumba chini kabisa ya mlima wetu uliopasuka, alikuwa amembana mtendaji wa kijiji dirishani.

"Mlima ukianza kuporomoka tutajuaje, baba?"

"Kamati ya maafa itagonga kengele ya kanisa, mama. Mkimbie."

"Kengele si ya msiba? Mlipoijaribu juzi, kijiji kizima tulikimbilia kanisani na kuni za matanga."

"Mtaelimishwa."

"Na kanisa lenyewe liko chini ya ufa huohuo!"

Nilitaka kucheka, ila juzi na mimi nilibeba gogo.

Kosta iliposimama stendi, mvua ilikuwa imeshafunika milima. Mtendaji aliwahi semina yake ya maafa. Dorkas alibaki kwenye kiti. "Konda, mnarudi saa ngapi? Wanangu wako nyumbani."